Picha za Shamba na Sentensi Iliyokatwa

Kilima cha Wazo, kaskazini ya Dar es Salaam, kina mawe ya chokaa. Na kwa sababu hiyo kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo mwaka 1966. Mwaka uliofuata mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu wapatao 356,000. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Kwa ongezeko kama hilo hapana budi mashamba yapungue. Walakini mihogo na minazi haijatoweka pembezoni mwa Wazo, na mpiga picha wa kujifurahisha, atokaye mjini siku ya Jumapili, huifuata kwa shauku, akijitahidi sana bomba la moshi, nguzo za umeme na kuta za matofali zisiingie katika picha yake.

Kazi yake huitwa picha ya mandhari. Neno hili limetoka katika Kiarabu, nalo ni la shina moja na nadhari na nadharia, shina ambalo maana yake ya asili ni kutazama. Undugu huo si wa kupuuzwa: hapana mandhari pasipo mtazamaji, wala hapana mtazamaji asiye na nadharia, ijapokuwa mwenyewe hajui kwamba anayo.

Nadharia yenyewe si ngeni. Walther Dobbertin, aliyepiga picha katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani, aliacha picha nyingi ambamo mwenyeji ni mfano wa kabila au wa kazi, hana jina. Dobbertin alikuwa fundi. Lakini tangu Kodak walipotoa kamera ya Brownie mwaka 1900 kwa bei ya dola moja, jicho la fundi limekuwa jicho la kila mtu, na leo limo ndani ya simu.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Kwa mtu wa mjini, mshamba ni tusi, na ushamba ni aibu. Picha za Jumapili hugeuza tusi kuwa sifa, lakini mahali pa kusimama hapakubadilika: dharau na mapenzi yote mawili hutazama kutoka mjini.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika maelezo yaandikwayo chini ya picha. Aghalabu huwa hivi: "Mama akitwanga", "Watoto wakichota maji", "Mzee akipalilia." Kila mwanafunzi wa sarufi ajua kwamba -ki- ya namna hii hutegemea kitenzi kingine. Husemwa, "Nilimwona mama akitwanga." Katika maelezo ya picha kishazi kikuu kimekatwa, na kilichokatwa ndicho kilichotaja aliyeona na wakati alioona. Hivyo mama hutwanga pasipo mwanzo wala mwisho, kana kwamba hakuna aliyesimama mbele yake na kamera, wala hakuna mwaka. Kalamu imefanya lile lililofanywa na kamera ilipoliacha nje bomba la moshi.

Yaweza kujibiwa kwamba maelezo ya picha hupenda ufupi, na kwamba mpenda uzuri si karani wa mahakama. Jibu hilo lina haki yake. Kuipenda minazi si kosa, na picha nyingi za namna hii zimepigwa kwa mwanga mzuri na mkono mtulivu. Lakini shamba la pembezoni mwa jiji ni kitu kipitacho. Mahali palipolimwa mwaka huu huenda pakajengwa mwaka ujao. Siku hiyo picha isiyo na jina, mahali wala tarehe haitamsaidia mjukuu atakayetaka kujua bibi yake alilima wapi. Itampa uzuri, na itamnyima bibi.

Picha iliyo bora, basi, ni ile iliyokubali kuonyesha mihogo na kiwanda pamoja. Kwa maana mkulima wa Wazo huviona vyote viwili kila ainuapo mgongo. Na maelezo yaliyo bora ni yale yarudishayo kishazi kilichokatwa: nani alimwona nani, wapi, lini, akifanya kazi gani, na kwa idhini yake. Maneno yatakayoongezeka hayazidi kumi, na sentensi itakuwa imekamilika.