Sentensi Tatu Zilizotumwa Hawaii

Jumamosi ya 13 Januari 2018, saa 2:07 asubuhi, simu za watu wa Hawaii zililia karibu kwa wakati mmoja. Ujumbe ulikuwa wa sentensi tatu, zote kwa herufi kubwa: tishio la kombora la balistiki linakuja Hawaii, tafuteni pa kujikinga mara moja, hili si zoezi. Kanusho lilifika kwenye simu hizo baada ya dakika 38. Mfanyakazi aliyeutuma amesemwa sana. Matini yenyewe haijasomwa vya kutosha, na makosa yake yangebaki vilevile hata kombora lingekuwa la kweli.

Ujumbe huu hauna msemaji. Hautaji idara, jeshi wala saa. Sentensi ya kwanza haisemi kombora litafika lini, wala kisiwa gani, na Hawaii ni visiwa. Ya pili inaamuru bila kuelekeza: aliye ufukweni, aliye kwenye usukani na aliye ghorofani wamepewa kauli moja. Wapo wazazi walioteremsha watoto kwenye mashimo ya mifereji ya barabarani. Siwalaumu hata kidogo. Walitii amri isiyo na maelezo.

Itasemwa kwamba nafasi ilikuwa finyu, kwani mfumo wa wakati huo ulikubali herufi 90 tu. Basi tuhesabu. Kwa Kiingereza chake cha asili, ujumbe una herufi 88, pamoja na nafasi na vituo, na 20 kati ya hizo zimeliwa na sentensi ya tatu. Karibu robo nzima! Sentensi hiyo haiongezi habari, inaapa tu. Mwandishi alihofia kutoaminiwa, na badala ya kujitambulisha akala kiapo. Mtafiti Dennis Mileti alifundisha kwa miaka mingi kwamba onyo zuri hueleza nani anasema, hatari ni ipi, iko wapi, lini, na watu wafanye nini. Hapa tumepewa hatari, jina la jimbo na nusu ya la mwisho.

Kiapo hicho kilikuwa kimeshapotosha kabla hakijafika kwenye simu. Uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ulionyesha kuwa rekodi ya mazoezi ambayo mfanyakazi huyo alisikilizishwa asubuhi ile ilitamka kwamba ni zoezi, lakini katikati ikasema pia kwamba si zoezi. Mfanyakazi alieleza kuwa alisikia hilo la pili, akaamini.

Tangazo la televisheni la dakika zilezile lilikuwa na utu zaidi. Lilitaja kamandi ya Pasifiki ya jeshi la Marekani kuwa ndiyo iliyogundua tishio, likawaambia walio ndani wakae mbali na madirisha, wenye magari wasimame pembeni na kuingia kwenye jengo au walale chini, na likaahidi kutangaza hatari ikipita.

Kiolezo cha kutisha kilikuwa tayari kwenye kompyuta. Cha kukanusha hakikuwapo, ikabidi kitungwe. Kanusho la saa 2:45 linasema hakuna tishio la kombora wala hatari kwa Jimbo la Hawaii, kisha linarudia kuwa tahadhari ilikuwa ya makosa. Onyo lilitaja Hawaii peke yake. Neno Jimbo limeonekana baada ya hatari kufutwa. Na bado kanusho halisemi ni nani aliyethibitisha, wala amejuaje.