Nani Aliyeandika Kanuni za Shujaa wa Ukambani?

Watunzi wa riwaya hupenda kuumba kikosi cha mashujaa chenye kiapo, kisha kukipitisha katika vizazi ili msomaji aone kiapo hicho kikipinda. Ukambani tunacho kikosi cha aina hiyo, na sehemu kubwa yake ni ya kubuni vilevile. Ni "Mkamba askari mtiifu", aliyesifiwa na maofisa wa Kiingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuwa miongoni mwa askari bora wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Wenzao wa miaka ya 1890 hawakumfahamu mtu huyo. Kwao shujaa alikuwa Mmaasai, na Mkamba alikuwa mwindaji na mchuuzi wa pembe za ndovu, mtu wa kuvizia na upinde wake. Haikupita miaka 50, sifa ikageuka kabisa. Watu wa Kitui na wa vilima vya Makueni walikuwa walewale, ukame ni uleule. Kilichobadilika ni kanuni walizohusishwa nazo, na mabadiliko hayo yana ufundi wake.

Tuanze na kilichokuwepo. Hapakuwa na kikosi cha kudumu. Palikuwa na rika la vijana, anake, waliolinda mifugo, kuwinda na kwenda vitani ilipobidi. Kiongozi wa msafara wa uwindaji au wa vita aliitwa muthiani. Hakuteuliwa na yeyote. Vijana walimfuata kwa sababu alijua njia, alijua mawindo, na aliwarudisha nyumbani wazima. Akishindwa mara mbili tatu, alibaki na jina bila wafuasi. Juu ya vijana walikaa atumia, wazee wa baraza la nzama, na neno la mwisho lilikuwa lao. Tena kijana aliyeua adui hakupokewa kama bingwa moja kwa moja. Damu ilimtia unajisi, akatengwa mpaka atakaswe kwa dawa ya ng'ondu. Aliyeua ndani ya jamii, ukoo wake mzima ulitoa ng'ombe wa fidia. Ni kanuni za watu waliouogopa upanga wao wenyewe, na nadhani hapo ndipo palipokuwa na busara yake.

Uzito wa kanuni hizo aliuonja mmisionari Johann Ludwig Krapf. Mwaka 1849 Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alimkaribisha kwake, na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka 1851, wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa. Krapf aliponea chupuchupu, akarudi Kitui kwa taabu kubwa, na huko akakuta hatari nyingine: jamaa wa marehemu walimtia hatiani. Iweje mgeni arudi hai na mwenyeji wake amelala porini? Krapf aliona ukatili katika swali hilo. Mimi naona sheria iliyokamilika: anayeandamana na kiongozi anabeba dhamana ya uhai wake, awe Mkamba au Mjerumani. Uaminifu ulikuwa kwa mtu unayemjua, uliyekula naye, na ulidaiwa na watu wenye majina.

Kipengele kinachostahili kuchambuliwa polepole zaidi ni king'ole. Wataalamu wa kikoloni waliokusanya mila za Wakamba, tangu C. W. Hobley mwaka 1910 hadi D. J. Penwill mwaka 1951, walilieleza jambo hili kwa mshangao. Mwizi sugu au mtu aliyeaminika kuwa mchawi aliweza kuuawa na jamii nzima kwa pamoja. Lakini haikuwa fujo ya umati. Wazee walikaa kwanza, na ndugu wa karibu wa mtuhumiwa alitakiwa kuridhia. Sharti hilo lilikuwa kufuli la mlango: ndugu akishakubali, ukoo wake hauwezi kudai fidia ya damu, kwa hiyo kifo hakizai kisasi. Na ndugu akikataa, mkono wa vijana unabaki chini. Silitetei king'ole, wanawake wengi wazee wasio na hatia lazima walipotea humo. Nasema tu kwamba lilikuwa na breki.

Serikali ya kikoloni iling'oa breki na kulipiga marufuku king'ole lenyewe, lakini imani iliyolizaa ikabaki. Matokeo yalionekana mwishoni mwa mwaka 1931, wanaume wa Kikamba walipomuua mwanamke waliyemshuku kumroga mke wa mwenzao. Kesi hiyo, Rex dhidi ya Kumwaka, ilifika Mahakama Kuu Nairobi mwaka 1932. Washtakiwa walikuwa 70, na 60 kati yao wakahukumiwa kunyongwa. Mahakama haikukubali kwamba kuamini uchawi ni udhuru wa kuua. Hukumu zikaja kupunguzwa kuwa vifungo. Kwa mchambuzi wa kanuni, kesi hii ni kioo. Washtakiwa hawakujificha, walijieleza kama watu waliotimiza wajibu. Mahakama iliona wauaji, kila mmoja na shingo yake. Wajibu wa jamii ukawa kosa la mtu binafsi, na miaka ileile dola hiyohiyo ilikuwa ikiwaandikisha vijana wa umri wao kubeba bunduki.

Walikubalije kuandikishwa? Tusidanganyane kwamba ni mapenzi ya vita. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukua Wakamba wengi kama wapagazi wa Carrier Corps, na hakuna aliyetamani kurudia safari ile. Baadaye, hata hivyo, kodi ilidaiwa kwa fedha, mvua za Kitui zilikuwa za kubahatisha, na ardhi nzuri ya karibu na Machakos ilikuwa imeshakatwa kwa ajili ya walowezi. Mshahara wa askari au polisi ulilipa kodi, ukanunua ng'ombe, ng'ombe wakalipa mahari. Mwanahistoria Timothy Parsons ameonyesha kwamba makabila yaliyoitwa ya kivita yalijitokeza kuandikishwa pale njia nyingine za kipato zilipofungwa. Mapigo ya ngoma hayakuhusika sana.

Jeshi nalo lilifanya kazi ya mhariri. Lilibakiza yale yaliyolifaa: ujuzi wa kufuata nyayo, uvumilivu wa kiu, kujivunia urika. Muthiani akageuka afande, ila huyu humwachi akishindwa. Ukimwacha unafungwa kama mtoro. Wazee waliokuwa na neno la mwisho wakafutwa katika andiko, na katika nafasi yao akaketi mfalme asiyeonekana. Utakaso wa aliyeua ukafutwa pia, medali ikachukua mahali pake. Kwa hiyo kilichoitwa utii wa asili wa Mkamba ni kanuni ya zamani iliyokatwa vipengele vyote vilivyompa kijana ruhusa ya kukataa.

Ila wahariri walisahau kwamba wasomaji wao nao walijua kusoma. Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza mifugo Ukambani kwa nguvu, ikidai ardhi inaharibika, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig's kikijengwa Athi River. Mwezi Julai maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, polisi wa zamani. Wakapiga kambi Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na wale wapagazi wa Carrier Corps, na hawakuondoka kwa wiki kadhaa. Hoja yao ilikuwa kali kwa wepesi wake: vijana wetu wanawatumikia, na nyinyi mnachukua ng'ombe wetu? Serikali iliyotegemea Wakamba katika jeshi na polisi ikaingiwa na hofu. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini mpango wa kupunguza mifugo kwa lazima ukaachwa. Utii uliotungwa kama tabia ya kuzaliwa ulikuwa umegeuzwa mkataba wenye deni ndani yake.

Tangu hapo kila upande ulijua bei. Baada ya kurudi kutoka Ethiopia, Madagaska na Burma, maveterani wa Vita vya Pili walikuta serikali ikifyeka vichaka vya mbung'o Makueni na kugawa mashamba, japo kwa masharti magumu ya matuta na idadi ya mifugo. Wakati wa uasi wa Mau Mau, fedha za mabwawa na kuhifadhi udongo ziliendelea kumiminika Ukambani, maana Nairobi iliogopa sana siku ambayo askari Mkamba angekula kiapo kingine. Wapo waliokula. Paul Ngei alifungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Lakini wengi walibaki upande wa mishahara, na sioni haja ya kuwahukumu leo kwa kipimo cha wapiganaji wa Nyeri.

Uhuru ulilirithi jeshi lenye Wakamba wengi kupita kiasi, na sifa ya jana ikawa shaka ya leo. Waliasi askari wa kambi ya Lanet Januari 1964. Mwaka 1971 Meja Jenerali Joseph Ndolo, mkuu wa majeshi, aliondoka madarakani baada ya jina lake kuhusishwa na njama ya mapinduzi. Baadaye majeshi yakaongozwa na Mkamba mwingine, Jackson Mulinge, hadi mwaka 1986, lakini milango ya uandikishaji ilikuwa imeshaanza kupimwa kwa mizani ya makabila.

Leo Ibara ya 241 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka uongozi wa majeshi uakisi maeneo na makabila yote ya Kenya. Kijana wa Mwingi au Wote anayejipanga uwanjani siku ya usajili anapimwa meno, urefu na mbio kama kijana wa Turkana au Kwale. Kisheria, kabila la askari limekwisha. Anayeendelea kuwaambia vijana wa Kitui kwamba jeshi liko damuni mwao anarudia maneno ya afisa wa kikoloni, na afisa huyo alikuwa anatafuta watu wa kumfia kwa mshahara mdogo.