Kutunga Sudoku Nyumbani: Sheria Yako Haioni Nini?

Chora mraba wa vijumba 16, vinne kwa vinne, kisha uugawe katika maboksi manne ya vijumba vinne vinne. Kanuni ni zilezile za sudoku ya gazetini, ila tarakimu ni 1 hadi 4: kila moja itokee mara moja tu katika kila safu mlalo, kila safu wima na kila boksi. Mraba huo una njia 288 za kujazwa. Sasa ongeza sheria moja ya kuazima kutoka sataranji: tarakimu zinazofanana zisiwe umbali wa hatua moja ya farasi, yaani vijumba viwili upande mmoja na kimoja pembeni. Njia 288 zinaporomoka hadi 24.

Sababu inaonekana ukiifuata tarakimu moja. Weka 1 kwenye kona ya juu kushoto. Katika safu mlalo ya pili haiwezi kukaa tena kwenye boksi lilelile, kwa hiyo itakuwa kijumba cha tatu au cha nne. Cha tatu farasi anakifikia kutoka kwenye kona, basi ni cha nne. Katika safu ya tatu vimebaki kijumba cha pili na cha tatu. Cha pili nacho farasi anakifikia, basi ni cha tatu. Ya mwisho inakaa kijumba cha pili, haina pengine pa kwenda. Anzia kijumba chochote kile, mambo ni hayohayo: tarakimu moja inawapanga wenzake watatu bila mtu kukuna kichwa. Mraba wote unakuwa hivi:

1 2 3 4
4 3 2 1
3 4 1 2
2 1 4 3

Zile njia 24 ni mraba huuhuu, tarakimu zimebadilishana majina tu. Mtunzi chipukizi akigundua jambo hili hufurahi sana, maana tarakimu tatu tofauti za kuanzia, mradi hazigongani, zinatosha kutoa jibu moja. Kompyuta nayo itakubali kwamba jibu ni moja. Lakini aliyefumbua mafumbo mawili ya aina hii hana haja ya la tatu. Sheria imekula uhuru wote na haikumwachia mfumbuzi cha kufikiria. Ukiongeza na sheria ya mfalme, kwamba tarakimu zinazofanana zisigusane hata kwa kona, hakibaki kitu: tazama 1 ya safu ya pili na 1 ya safu ya tatu, zinagusana kwa pembe. Ukiacha hizo mbili ukajaribu sheria ya kukataza tarakimu zinazofuatana kupakana kwa upande, mraba unakufa palepale. Ndani ya boksi la vijumba vinne, 2 ina majirani wawili. 1 na 3 hazitakiwi, kwa hiyo wote wawili ingebidi wawe 4.

Ajabu ni kwamba kwenye mraba wa kawaida wa vijumba 81 sheria hizo tatu zinaishi pamoja. Mei 2020 Simon Anthony, mmoja wa watangazaji wawili wa chaneli ya Cracking the Cryptic huko Uingereza, alionekana akifumbua kazi ya Mitchell Lee iliyokuja kuitwa sudoku ya muujiza. Ilikuwa na tarakimu mbili tu za kuanzia: 1 katika safu mlalo ya tano, kijumba cha tatu, na 2 katika safu ya sita, kijumba cha saba. Juu yake kulikuwa na farasi, mfalme na katazo la tarakimu zinazofuatana. Mwanzoni Anthony alidhani anataniwa. Chini ya nusu saa baadaye alikuwa ameimaliza.

Mbili ni chache mno. Kwa sudoku ya kawaida, timu ya Gary McGuire wa University College Dublin ilionyesha mwaka 2012, kwa ukaguzi mrefu wa kompyuta, kwamba hakuna fumbo lenye tarakimu 16 za kuanzia ambalo lina jibu moja. Kikomo cha chini ni 17. Huhitaji kompyuta kubwa kuelewa kwa nini mbili haziwezi kutosha huko. Kanuni za kawaida hazijui kwamba 2 ni kubwa kuliko 1. Ungeweza kuweka picha za matunda tisa badala ya tarakimu na mchezo ungebaki uleule. Kwa hiyo ikiwa tarakimu mbili, tuseme 3 na 7, hazionekani kabisa mwanzoni, basi kila jibu lina pacha wake ambamo 3 zote zimekuwa 7 na 7 zote zimekuwa 3. Ndiyo maana fumbo lolote la kawaida lenye jibu moja ni lazima lionyeshe angalau tarakimu nane kati ya tisa.

Hapo ndipo ninapoanzia ninapokagua fumbo la mtu, kabla hata sijashika kalamu: sheria zake hazioni nini? Farasi na mfalme ni vipofu kama kanuni za kawaida. Wanajua kufanana na kutofanana, basi. Katazo la tarakimu zinazofuatana ndilo lililomwokoa Lee, kwa sababu linajua 4 iko baina ya 3 na 5. Na jibu lake, ukilitazama limekamilika, kila safu mlalo ni mzunguko uleule, 4 8 3 7 2 6 1 5 9, ulioanzia mahali tofauti. Nao ni mraba mgumu usiopinda, kama ule mdogo wetu. Tofauti ni kwamba ugumu wake unajitokeza polepole, mfumbuzi akiwa katikati ya kazi, na hapo ndipo ninapouona ufundi. Hata hivyo sidhani kama ni mfano mzuri wa kuigwa nyumbani. Mtu akishauona mzunguko ule, fumbo la pili la sheria hizohizo limeshapoteza nusu ya utamu wake.

Kwa mtunzi wa nyumbani napendekeza sheria inayoitwa mnong'ono wa Kijerumani. Unachora mstari unaopita kwenye vijumba, na tarakimu mbili zinazofuatana juu ya mstari huo ziwe na tofauti isiyopungua 5. Ni sheria fupi, lakini ina mambo. Mara moja 5 inafukuzwa kwenye mstari, maana haina wa kukaa naye. Ndogo na kubwa zinapishana. 4 inakubali jirani mmoja tu, 9; na 6 inakubali 1 tu.

Chukua boksi moja la vijumba tisa, uzungushe mstari kwenye vijumba vinane vya pembeni ukiacha cha katikati. Uanzie kona ya juu kushoto, uende kulia, ushuke, urudi kushoto, upande, usimame chini ya pale ulipoanzia bila kuunganisha ncha. Kijumba cha katikati ni 5, hiyo haina mjadala. 4 haiwezi kuwa ndani ya mstari, kwa sababu ingehitaji 9 mbili ndani ya boksi moja. Kwa hiyo iko kwenye ncha. 6 nayo iko kwenye ncha ya pili. Tumeshapata 4 na 9 huku, 1 na 6 kule. Katikati zimebaki 2, 3, 7 na 8, na 7 haikai na 3 kwa sababu tofauti yake ni 4. Ndogo na kubwa zikipishana, kubwa inayokaa baina ya 2 na 3 ni lazima iwe 8. Mstari wote, kutoka ncha hadi ncha, ni 4 9 3 8 2 7 1 6. Hakuna mpangilio mwingine, isipokuwa kuusoma kinyumenyume.

Nimeona watunzi wakiishia hapo wakidhani wamepata hazina, kisha wanachora duara hilohilo kwenye kila boksi ili mraba upendeze. Maboksi mawili yaliyo kando kwa kando yakiwa na duara hilo, 5 mbili zinajikuta kwenye safu mlalo moja, na fumbo limekwisha kabla ya kuanza. Mraba mzima unaweza kubeba maduara matatu tu ya namna hiyo. Na ukiziunganisha ncha za duara ili liwe kamili, 4 inapakana na 6, nalo linavunjika. Mpigo mmoja wa kalamu ndio unaotenganisha fumbo zuri na fumbo lisilo na jibu.

Limebaki swali la upande. Je, 4 iko juu au chini? Hapa tunarudi kwenye upofu. Sheria ya mnong'ono inajua tofauti, lakini haijui ipi ni kubwa. Ukichukua jibu lolote halali na kila tarakimu ukaitoa kwenye 10, ili 1 iwe 9, 2 iwe 8, na 5 ibaki 5, tofauti zote zinabaki vilevile na mraba unabaki halali. Kwa hiyo fumbo lenye mistari ya mnong'ono peke yake, hata ukichora mistari 100, haliwezi kuwa na jibu moja. Majibu huja mawili mawili, kila moja na kioo chake. Wapo wanaohangaika usiku kucha wakiongeza mstari juu ya mstari kutafuta jibu moja ambalo halipo. Dawa ni kitu kinachojua ukubwa: tarakimu moja ya kuanzia isiyo 5, kizimba, yaani kundi la vijumba lililoandikiwa jumla ya tarakimu zake (mradi jumla hiyo si mara tano ya idadi ya vijumba), au alama ndogo ya "kubwa kuliko" kati ya ncha mbili za duara. Mimi ningechagua alama. Tarakimu iliyoandikwa wazi inamwambia mfumbuzi jambo. Alama inamwachia kulitafuta.

Sasa majaribio. Kuna ugomvi wa zamani kuhusu nani atunge, mtu au mashine. Mchezo wenyewe ulichapishwa Marekani mwaka 1979 katika magazeti ya mafumbo ya Dell, kazi inayohusishwa na msanifu majengo Howard Garns. Kampuni ya Nikoli ya Japani ikauchukua mwaka 1984 na kujijengea sifa kwa mafumbo yaliyotungwa kwa mkono. Wayne Gould, jaji mstaafu kutoka New Zealand, akaandika programu ya kuyazalisha, na ndiyo iliyoiingiza sudoku katika gazeti la The Times la London Novemba 2004. Kwa sudoku yenye sheria za ziada ugomvi huo hauna maana. Mkono unatunga, mashine inahesabu majibu.

Programu yenyewe haihitaji ujuzi wa kutisha. Inajaza kijumba kimoja baada ya kingine, kila mara ikiuliza kama tarakimu hii inaruhusiwa hapa kwa sheria zote. Ikikwama inarudi nyuma na kujaribu nyingine. Kosa la kawaida ni kuiacha isimame inapopata jibu la kwanza. Lazima iendelee mpaka ipate la pili au ithibitishe kwamba halipo. Ikisema sifuri, ondoa sheria moja moja uone ipi inagombana na ipi. Ikisema mbili, shuku kioo kwanza. Kama si kioo, yaweke majibu hayo mawili sambamba utafute vijumba vinavyotofautiana. Mara nyingi ni vinne, katika safu mlalo mbili, safu wima mbili na maboksi mawili, ambamo tarakimu mbili zimepishana. Kidokezo kipya kiguse kimojawapo cha vijumba hivyo. Kikiwekwa pengine hakisaidii kitu.

Kompyuta ikishasema jibu ni moja, kazi ya kweli ndiyo kwanza imeanza, maana kompyuta haichoki na haioni aibu kubahatisha. Mpe mtu ambaye hajaona ulivyotunga, kaa kimya, umtazame mkono. Ukiuliza "ni gumu?" atakujibu kwa adabu tu. Mwombe aandike mpangilio wa vijumba alivyovijaza. Ukiona ameruka kutoka pembe moja hadi nyingine na kuandika tarakimu mbili mbili kwa penseli, hapo njia yako imekatika na yeye ameanza kukisia. Ukiona amefumbua kwa njia ambayo hukuifikiria, na ni fupi kuliko yako, basi fumbo ni lile alilolifumbua yeye. Mtunzi mwenyewe ndiye mjaribu mbaya kuliko wote kwa sababu analijua jibu; hata akilificha wiki nzima, mkono unakumbuka.

Jambo la mwisho la kujaribu ni maneno ya sheria, na wengi hulisahau. "Jirani" ni wa upande tu, au hata wa kona? Tarakimu zinaweza kurudiwa ndani ya kizimba? Kama vitone vya kuonyesha uhusiano wa vijumba viwili vimechorwa baadhi ya mahali, je, pasipo na kitone ni katazo? Katika mnong'ono tatizo ni namba 5 yenyewe. Ukiandika "tofauti ya 5", msomaji makini atakuelewa hivyohivyo, tano kamili. Kwake 1 inakaa na 6 tu, 2 na 7 tu, 3 na 8 tu, 4 na 9 tu, na kwenye duara letu atakwama kijumba cha tatu, alirudishe fumbo akisema ni bovu. "Isiyopungua 5" inaondoa utata, lakini wengi bado wanataka mfano. Mfano nao una hatari yake: ukiandika kwamba 4 inakaa na 9 peke yake, umeshampa mlango wa kuingilia uliotumia jioni nzima kuuficha. Andika kwamba 3 na 9 zinaruhusiwa, 6 na 9 haziruhusiwi. Wa kwanza unaonyesha kwamba tofauti inaweza kuzidi 5, wa pili unaonyesha kilichokatazwa, na duara linabaki na siri yake.