Kabla ya Bisibisi

Mteja ameingia na boksi la kadi mpya kwapani. Ni kijana anayehariri video za harusi, na kadi ya grafiki iliyomo kwenye kompyuta yake, Radeon RX 570 ya mwaka 2017, imeanza kumchelewesha. Anataka RTX 3060 ifungwe upesi. Fundi, kwenye kibanda chake Kariakoo, anamsogezea stuli. "Kaa kwanza, bosi wangu." Kisha anafungua ubavu wa kompyuta, anawasha tochi ya simu na kusoma kibandiko cha pawa saplai.

Anapiga hesabu kwa sauti. Sloti ya madabodi inatoa hadi wati 75, waya wa pini 8 hadi wati 150; jumla 225. Kadi mpya inakula 170. Mtengenezaji anashauri pawa saplai ya wati 550, na hii ni ya 600. Anachukua futi, anapima nafasi mpaka kwenye feni za mbele. Inaenea.

Bisibisi bado iko mezani. Zamu ya draiva kwanza, yule mkalimani wa Windows na kadi. Kadi inabadilika kampuni, kwa hiyo mkalimani wa zamani hana kazi tena, na akibaki anaweza kumvuruga mgeni. Fundi anapakua draiva mpya na kuiweka kwenye flashi, kisha anachomoa waya wa intaneti, maana Windows ikiachiwa mtandao huenda ikajitafutia draiva yenyewe. Anawasha kompyuta katika hali salama, anafungua Display Driver Uninstaller, programu ya kumfuta mkalimani wa zamani, anasubiri. Mteja anatazama saa. Fundi anatazama skrini.

Sasa anazima, anachomoa waya wa umeme, anabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Anagusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Skrubu mbili zinaingia kwenye kizibo cha soda zisipotee. Mwishoni mwa sloti, chini kabisa ya kadi, pamejificha kilimi cha plastiki. Anayevuta kwa nguvu hukivunja. Yeye anakitafuta kwa ncha ya kidole, bila kuona, anakibonyeza, na kadi inainuka yenyewe. Anapuliza vumbi kwa blowa, kidole kimezuia feni isizunguke.

Kadi mpya anaishika kingo tu, mbali na meno yake ya dhahabu. Anaikandamiza sawasawa pande zote mbili mpaka kilimi kilie *tik*. Skrubu, pini 8, kisha waya wa skrini anauchomeka kwenye kadi yenyewe, si kwenye madabodi.

Anarudisha umeme, anawasha. Picha ya kwanza inatokea kubwa na chakavu. Mteja anashtuka, fundi anachomeka flashi. Draiva inaingia, kompyuta inazimika na kuwaka, maandishi yanakuwa membamba na safi. Ndipo anarudisha intaneti. Halafu anaiachia kadi video moja ya harusi iichakate nusu saa nzima, huku akifuatilia namba za joto.

Kuchomoa na kuchomeka kulichukua dakika 10. Muda wote uliobaki ulikuwa wa kupima, kufuta na kusubiri, na ndio uliolipiwa. Fundi akikuambia kaa kwanza, kaa.