Pindo, Mji na Jina

Tandaza kanga mpya mkekani, doti nzima kabla haijakatwa, uitazame bila haraka. Iwe ya maua, ya korosho au ya madoa, imejengwa kwa sehemu zilezile tatu. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Kila kipande kina urefu wa kama mita moja na nusu, na upana wa mita moja na ushei. Kwa zaidi ya miaka mia moja wachoraji wa kanga wamefanya kazi ndani ya mipaka hiyo, na bado hawajaishiwa.

Ninachokistahi zaidi ni pindo. Fundi cherehani ana mkasi na sindano za kuipa nguo umbo. Mchoraji wa kanga hana, kwa kuwa nguo yake hukatwa katikati ya doti na kupindwa ncha, basi. Umbo linatoka kwenye mchoro na mwili wa mvaaji. Mama akijifunga kanga kiunoni, pindo la chini linakuwa mkanda unaozunguka miguu, na lile la ubavuni linateremka wima mbele, pale kanga inapopandana. Mstari uleule uliolala mkekani sasa unalifanya jicho lizunguke, kisha lipande na kushuka. Pindo likiwa jembamba mno, mji unakosa wa kuushika na mvaaji anaonekana mpana. Likiwa nene mno, mji unabanwa. Haya yote mchoraji huyapima kwenye karatasi, ambapo hakuna kiuno wala mguu.

Jina nalo halikuwekwa katikati ya urefu kwa bahati. Kanga ikifungwa, katikati yake huenda nyuma, kwa hiyo anayesoma ni yule aliyeachwa nyuma. Tena herufi zenyewe ni kazi. WEMA HAUOZI ni maneno mawili mafupi. Yanahitaji kupanuliwa, pengine kuwekewa ua kila upande, yasipotee. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO inataka kubanwa bila kusongamana. Mkono mzuri huacha nafasi sawa kati ya herufi na herufi, na nafasi ya kupumua kati ya jina na pindo.

Mpangilio huu haukuanza hivi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mraba na kuziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wapate nguo moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza zichapwe nzima. Majina yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na anayetajwa sana kwa kuyaingiza ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wakiunga leso kwa sindano ndio waliotangulia kubuni, kiwanda kiliwafuata.

Siku hizi zipo kanga zilizojazwa picha na rangi mpaka mji hauna pa kutulia. Sizipendi. Rangi chache zikipangwa vizuri zinatosha, na ushahidi ni kisutu, kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe tu. Nyeupe ni kitambaa chenyewe kilichoachwa wazi, nyekundu inabeba uzito, na nyeusi inachora mpaka ili nyekundu isimeze kila kitu. Kila rangi huchapwa peke yake, kwa zamu, na zote lazima zikutane mahali pamoja. Ukiwa dukani, kabla hujauliza bei, kisogeze karibu na macho utazame nyeusi inapogusana na nyekundu. Mchapo ukiwa wa makini, hapo katikati hutaona hata uzi mweupe ambao mchoraji hakuutaka.