Kilichowaua ndege wa Hawaii kilijulikanaje

Ukimnasa ndege mwitu kwa wavu, ukamchoma mshipa wa bawa na kutandaza tone la damu yake juu ya kioo, unachopima ni damu ya ndege aliyekuwa na nguvu za kuruka asubuhi hiyo. Aliyekufa juzi hayumo. Aliyejikunyata chini ya kichaka kwa homa hayumo pia. Mzoga wake hutauona, kwa sababu panya, nguchiro na wadudu huufikia kabla yako. Tatizo hilo liliwasumbua watafiti wa malaria ya ndege huko Hawaii kwa miongo mingi, na jinsi walivyolizunguka ni kazi ninayoiheshimu sana, kwa kuwa kila hatua ilikuja kuziba pengo lililoachwa na ile ya kabla yake.

Visiwa vya Hawaii havikuwa na mbu wa asili. Inaaminika kwamba Culex quinquefasciatus alifika Maui mwaka 1826, pamoja na maji ya mapipa ya meli. Ni mbu yule yule anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya Dar es Salaam na Mombasa, na anayeeneza matende katika pwani yetu. Kimelea chenyewe, Plasmodium relictum, kilikuja baadaye, yaelekea ndani ya damu ya ndege wa kigeni walioletwa visiwani na kuachiwa. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kilichoenea Hawaii ni ukoo mmoja wa kimelea hicho, unaojulikana kwa alama ya GRW4. Alama hiyo ilitokana na ndege mdogo wa matete anayezaliana Ulaya na kuja Afrika kukimbia baridi, na ni huku Afrika ndiko anakoupata ukoo huo.

Kimelea kilipotua Hawaii kilikuta ndege ambao mababu zao walikuwa wameishi mamilioni ya miaka bila kuumwa na mbu: iiwi mwekundu mwenye mdomo uliopinda, apapane, amakihi wa rangi ya kijanikibichi na wengine wengi waliotokana na babu mmoja aliyevuka bahari kutoka Asia.

Richard Warner alikuwa wa kwanza kulijaribu jambo hili kwa vitendo. Aliona kwamba ndege wa asili walikuwa wametoweka tambarare na kubaki juu ya takriban mita 600, hata mahali ambapo msitu wa chini ulikuwa bado umesimama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaleta ndege kutoka Laysan, kisiwa kisicho na mbu, akawafuga sehemu za chini. Waliofunikwa kwa kitambaa cha kuzuia mbu walibaki wazima. Walioachwa wazi waliugua ndui ya ndege na malaria, wakafa. Alichapisha matokeo mwaka 1968, na tangu hapo hakuna aliyeweza kulipuuza swali hilo.

Lakini tumpime kwa haki. Ndege wake walikuwa wachache, walitoka kwenye kisiwa kikavu kisichofanana na misitu ya milimani, na magonjwa mawili yalichanganyika. Jaribio lilionyesha kuwa mbu wanaweza kuua. Halikuonyesha kwamba ndicho kinachotokea ndani ya msitu wa iiwi.

Pengo hilo lilishughulikiwa na Charles van Riper na wenzake kwenye mlima Mauna Loa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1986. Walitega nyavu katika miinuko mbalimbali, kuanzia chini hadi juu, wakachukua damu ya ndege wa asili na wa kigeni, huku wakihesabu mbu katika vituo vile vile. Kusoma damu ya ndege kwa hadubini kuna ugumu wake. Kwa binadamu chembe nyekundu haina kiini, hivyo chochote cha zambarau ndani yake kinatia shaka mara moja. Chembe ya ndege ina kiini kikubwa katikati, na msomaji lazima amtambue mgeni aliyebanana pembeni. Plasmodium relictum hujifichua kinapokomaa, maana hukisukuma kiini kutoka mahali pake.

Picha iliyotokea haikuwa mstari ulionyooka. Chini kulikuwa na mbu tele lakini ndege wa asili wachache. Juu kulikuwa na ndege wengi, mbu wachache. Malaria ilikuwa kali zaidi katikati ya mlima, pale makundi mawili yalipokutana. Hapo ndipo takwimu za damu zinapoanza kumdanganya asiyekuwa makini: iiwi wa mwinuko fulani wakionekana kuwa na maambukizi kidogo, je, ni kwa sababu hawaumwi, au kwa sababu wanaoumwa hawafiki kwenye wavu wako? Kioo hakiwezi kujibu. Ninawasifu watafiti hawa pia kwa kukataa kuibebesha malaria kila kosa. Walieleza kwamba ndege waliotoweka kabla ya miaka ya 1920 ni vigumu kuwaweka kwenye hesabu yake. Ndui, panya na ukataji wa misitu vilikuwa vimeanza kazi mapema.

Jibu la swali la kioo lilihitaji maabara. Carter Atkinson na wenzake waliwachukua iiwi kutoka mlimani, wakawaachia mbu wenye vimelea kwenye tezi za mate wawaume. Kimsingi ni njia aliyoitumia Ronald Ross huko Calcutta mwaka 1898, alipothibitisha kwa kutumia ndege kwamba malaria huenezwa na mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na hadi leo yanashtua. Kati ya iiwi walioumwa na mbu mmoja tu, mara moja tu, asilimia 90 walikufa. Walioumwa na mbu wengi walikufa wote. Ndege wa jamii ya tongo, wenye asili ya Asia, walioumwa kwa namna hiyo hiyo hawakudhurika. Baadaye watafiti waliwafungia apapane walioambukizwa visambaza mawimbi vidogo na kuwafuatilia. Wagonjwa walitembea kidogo na kukaa kimya zaidi kuliko wenzao. Ndege asiyeruka haingii wavuni. Kuanzia hapo kiwango kidogo cha maambukizi kwa iiwi hakikuweza tena kusomwa kama dalili ya afya njema.

Kwa nini basi juu ya mlima kulikuwa salama? Mkazi wa Lushoto au Kericho anaijua nusu ya jibu kutokana na malaria ya binadamu: baridi. Ndani ya tumbo la mbu kimelea lazima kipitie hatua kadhaa kabla ya kufika kwenye tezi za mate, na mwendo wake unategemea joto. Dennis LaPointe aliwaweka mbu wenye maambukizi katika viwango tofauti vya joto na kufuatilia ukuaji huo. Chini ya nyuzijoto 13 hivi, ukuaji husimama. Kati ya hapo na nyuzijoto 17 huenda polepole kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla hawajawa hatari. Ukiweka vipimo hivyo juu ya ramani ya joto la milima unapata mpaka, na mpaka huo unapanda kadiri dunia inavyopata joto. Kauai haina pa kukimbilia, kwa kuwa kilele chake hakifiki mita 1,600. Katika uwanda wake wa juu wa Alakai, sehemu ya ndege wenye maambukizi iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya miaka ya 1990 na miaka iliyofuata 2007.

Nguruwe mwitu nao wana mchango wao. Hung'oa na kutafuna kiini cha kangaga wakubwa wenye shina kama mti, na shina lililoachwa wazi hukusanya mvua. Katika misitu ambayo ardhi yake hunyonya maji haraka, mbu hupata humo mahali pa kutagia.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta amakihi wakiwa wengi katika misitu ya chini kabisa ya kisiwa cha Hawaii, na zaidi ya nusu yao wameambukizwa. Katika baadhi ya maeneo walifika asilimia 83. Hapa namba iligeuka maana. Kwa iiwi, maambukizi machache yalificha vifo. Kwa amakihi, maambukizi mengi yalionyesha uhai, kwa sababu ndege anayebeba vimelea na bado ananaswa wavuni ni ndege aliyepona. Maabara ikathibitisha: amakihi wa chini na wa juu walipoumwa na mbu sawa, vimelea viliongezeka damuni kwa kiwango kinachokaribiana, lakini wa chini walipungua uzito kidogo na kufa kwa uchache zaidi. Hawakukiondoa kimelea. Walijifunza, kizazi baada ya kizazi, kukivumilia, na hayo ni mageuzi yaliyochukua muda usiozidi karne moja.

Uvumilivu huo una gharama inayolipwa na wengine. Amakihi mwenye vimelea damuni mwaka mzima huwalisha mbu, na mbu hao wakipanda mlima humkuta iiwi. Kwa hiyo sioni sababu ya kusubiri mageuzi yawaokoe ndege wote. Ndege aliyebaki kwa makumi hana vizazi vya kutosha vya kujaribu bahati. Kuwahamisha nako hakukusaidia: mwaka 2019 ndege 14 wa asili waitwao kiwikiu walihamishiwa Nakula, kwenye mteremko mwingine wa mlima Haleakala huko Maui, ili kuanzisha kundi la pili. Karibu wote walikufa au kupotea katika muda mfupi, na miili iliyopatikana ilikuwa na malaria.

Ndiyo maana kazi sasa imeelekezwa kwa mbu mwenyewe. Mbu dume hafyonzi damu. Watafiti hufuga madume wenye bakteria aitwaye Wolbachia wa aina tofauti na ile iliyomo ndani ya mbu wa msituni. Dume huyo akipandana na jike wa huko, mayai hayaanguliki. Kuanzia Novemba 2023 madume hao wamekuwa wakidondoshwa kwa helikopta juu ya misitu ya Maui, awali takriban 250,000 kwa wiki, na Kauai ikafuata. Udondoshaji hauna budi kurudiwa, kwa sababu mbu wapya hupanda kutoka chini kila msimu wa joto.

Mafanikio yatapimwa kwa nyavu na damu tena, na hapo tatizo la mwanzo linarudi kwa sura nyingine. Ndege aliyewahi kupona hubaki na vimelea kwa miaka, hata kama hakuna mbu aliyemuuma tangu wakati huo. Kipimo cha PCR, ambacho hukamata vimelea vichache visivyoonekana kwa hadubini, kitaendelea kumhesabu kama mwenye maambukizi. Wastani wa kundi zima hautasema lolote la maana katika miaka ya mwanzo. Inabidi kutenga makinda yaliyoanguliwa mwaka huo huo na kuisoma damu yao peke yake, pamoja na mbu walionaswa mahali hapo, kisha kuhesabu ni makinda mangapi bado yanaonekana msimu unaofuata.