Geuza Mkufu Utazame Mgongo

Ukishika njia ya kutoka Wasso kwenda Ololosokwan, wilayani Ngorongoro, utapita Soitsambu, na huko kina mama wa Kimaasai watakutandikia shanga walizotunga wenyewe. Usianze na bei. Salimia, "Takwenya," wakuitikie "Iko," kisha omba kuushika ule mkufu bapa wa mviringo unaokaa mabegani. Ugeuze, utazame mgongo.

Mbele kumepambwa kwa ajili ya macho ya watu. Mgongoni mkono wa fundi huonekana ulivyo. Shanga zimetungwa kwenye waya, duru baada ya duru, na duru hizo hushikwa pamoja na vipande vyembamba vya ngozi ya ng'ombe vilivyotobolewa. Siku hizi wengine hukata vipande hivyo kwenye madumu ya plastiki, nami sioni ubaya: plastiki haiozi kwa jasho. Ninachokagua ni matundu. Yakifuatana kwa nafasi sawa, duru hulala sambamba. Yakiyumba, waya mmoja humpanda mwenzake, shanga zinasagana, na mwisho zinapasuka. Pitisha pia kidole penye ncha za waya. Ziwe zimekunjwa ndani, zisikukwaruze.

Kisha uuweke kiganjani, uutikise. Mkufu mzuri unanesa. Msichana akicheza huinua na kushusha mabega ili mkufu upande na kushuka pamoja naye, kwa hiyo uliokakamaa kama sahani umeshindwa kazi yake, na uliolegea utajikunja. Picha haiwezi kukuonyesha hilo.

Shanga zenyewe, zinazothaminiwa ni za kioo kutoka Cheki, mji wa Jablonec, kila moja upana wa milimita 2 hivi. Zinalingana. Za bei rahisi moja huwa nene na nyingine nyembamba, na mara nyingi rangi imepakwa juu tu. Niliwahi kununua kidani chekundu katika duka moja mjini. Baada ya safari moja ya jua kali, ukosi wa shati langu ulikuwa wa waridi na shanga zimebaki na mabaka. Tangu hapo natembea na kitambaa cheupe, nakilowesha kidogo na kusugua. Mwenye kazi nzuri hachukii.

Kuhusu rangi, utaambiwa nyekundu ni damu, nyeupe ni maziwa, kijani ni majani. Husemwa hivyo, lakini hayo hayatakusaidia kupambanua, maana hata mkufu wa ovyo una nyekundu. Tazama mikato. Fundi hugawa duara kwa vipande vya rangi, na katikati ya kila kipande hupitisha mstari mwembamba wa rangi inayopingana nayo, aghalabu nyeupe au nyeusi. Fuata mkato mmoja kutoka shingoni hadi ukingoni. Duru ya nje inameza shanga nyingi kuliko ya ndani, na fundi asipoongeza kwa hesabu, mkato unapinda. Hesabu hiyo haiandikwi popote, iko vidoleni. Mjuzi wa mafundo ya Waselti, kama yaliyochorwa katika Kitabu cha Kells kilichoko Dublin, huandama utepe mmoja kuona kama unapita juu, chini, juu, pasipo kuruka. Jicho la namna hiyo ndilo linalotakiwa hapa, na kwa Wamaasai limenolewa na ng'ombe, wanaotambuliwa kwa mabaka na mistari ya ngozi.

Viko pia vitu visivyonunuliwa. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, mwanaharakati wa Ngorongoro, alitembelea jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, akakuta humo vitu vya watu wake ambavyo havikupaswa kutoka mikononi mwa wenyewe. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe. Kwa hiyo mama akikuambia alichovaa hakiuzwi, usiongeze dau.

Ukitaka kujifunza, kaa nao kivulini na uanze na bangili ya mistari mitatu. Utaikosea. Yeyo, yaani mama, atakata uzi wake bila kusema neno, atakusanya shanga zako kwenye kifuniko cha kopo, na kukusogezea upya.